Pumzi ya Famau

Paukwa!

Pakawa!

Ala. Hivyo ndivyo kuitika? Nusu yenu mmemeza maneno. Mimi hadithi yangu siwapi watu wenye midomo mivivu. Tuanze tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumeelewana. Wewe ondoa mguu wako kwenye ukili wangu. Na wewe uliyejibanza kule nyuma, acha kutafuna, leo utahitaji pumzi yako yote.

Hapo zamani, zamani ya mbali, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji. Jina la mji silisemi, maana wajukuu wa watu hao wapo, wanakula na kunywa, na midomo wanayo. Katika mji huo palikuwa na msikiti. Ubavuni mwa msikiti palikuwa na chuo. Ubavuni mwa chuo palikuwa na nyumba. Kati ya chuo na nyumba palikuwa na ukuta mmoja tu, ukuta wa fito na udongo, mwembamba hata ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea rehema.

Chuoni alikuwa akisomesha Mwalimu Shekuwe. Mtu mfupi, ndevu nyeupe, bakora mkononi. Alisomesha sheria ya dini, lakini mwanafunzi hakuifikia sheria mpaka apite kwanza kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na humo alikaa miaka. Wazazi walinung'unika. Walisema, "Mwalimu, mtoto tumemleta ajue halali na haramu, wewe unamfundisha miisho ya maneno." Mwalimu akawajibu, "Halali na haramu zimekaa hukohuko kwenye miisho ya maneno. Mrudisheni kesho."

Maana Mwalimu alikuwa na njia yake. Kila neno, alisema, limeshikwa mkono na neno jingine. Neno halizururi peke yake. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo kutoa hukumu, uliza. Naye akagonga bakora sakafuni, ko, ko, ko, akauliza: "Neno hili, nani kalishika mkono?"

Wanafunzi walimwiga wakiwa mbali naye. Wakikutana na mbuzi njiani, mmoja anagonga fimbo, ko, ko, ko: "Mbuzi huyu, nani kamshika mkono?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu alijua, akajitia hamnazo.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Mize. Mize alikuwa mjane mwenye binti wawili, hana mbele wala nyuma. Kazi yake kusuka mikeka. Asubuhi anafagia, anachota maji, kisha anakaa kitako mgongo umeegemea ukuta, anasuka ukili. Vidole vinakwenda, masikio yako chuoni. Siku ya kwanza alisikiliza kwa kuwa hana la kufanya. Mwaka wa kwanza alisikiliza kwa kuwa amezoea. Mwaka wa tano, Mize huyo, somo likianza na yeye hajamaliza kufagia, alikuwa akiutupa ufagio.

Siku moja Mwalimu aliuliza swali la udhu. Alimuuliza Lali, mwanafunzi wake mkubwa, kijana mwenye sauti nzuri ambaye mji mzima ulimpenda kwa kisomo chake.

"Lali. Katika maneno ya udhu umetajwa uso, ikatajwa mikono, kikatajwa kichwa, ikatajwa miguu. Uso unaufanya nini?"

"Ninauosha, Mwalimu."

"Kichwa?"

"Ninakipaka maji."

"Na miguu imekaa jirani na kichwa, mlango kwa mlango. Mbona huipaki maji ukaenda zako? Mbona unaiosha?"

Lali akakuna shingo. 

Ko, ko, ko. "Miguu, nani kaishika mkono?" akauliza Mwalimu. "Msitazame nani amekaa karibu. Kwa Kiarabu, mwisho wa neno ndio unaokwambia nani kalishika. Miguu imekaa karibu na kichwa, lakini mwisho wake ni mwisho wa uso na wa mikono. Imeshikwa na wale wa kule nyuma, wanaooshwa. Basi nayo inaoshwa. Wapo waliosoma kwa mwisho mwingine, na wana maneno yao, hayo mtayafikia mkikua. Leo shikeni hili: irabu moja mwishoni mwa neno, na sisi sote tunainama kuosha miguu."

Upande wa pili Mize aliacha kusuka. Adhuhuri alipotia udhu, alifika miguuni akaitazama, akacheka peke yake. "Kumbe nyie jamaa zenu ni uso," akaiambia, akaiosha vizuri.

Mko nami?

Basi mnisikilize sana hapa, maana hapa ndipo pa kusikiliza. Ile nyumba ya Mize haikuwa yake. Ilikuwa wakfu. Mwanamke mmoja wa kale, Mwana Shufaa, aliijenga nyumba ile, na kabla hajafa akaitoa kwa ajili ya Mungu, isiuzwe, isirithiwe, ikaliwe tu na jamaa zake. Maneno yake yakaandikwa kwa Kiarabu, karatasi ikatiwa kwenye kasha msikitini. Mimi nitawapa kwa Kiswahili, maana nawajua. Alisema hivi: wakae humo wana wa kaka yangu na wana wa dada yangu wenye shida ya makazi. Wana, na wana wa wana, mpaka dunia ikome.

Na mji ule ulikuwa na ada. Kila mwaka siku ya Maulidi, asubuhi, watu wakishakula, maneno ya Mwana Shufaa yalisomwa mbele ya wote ili asisahauliwe. Kasha halikufunguliwa. La nini? Msomaji aliyajua kwa moyo, naye aliyachukua kwa msomaji wa kabla yake. Alisoma kwa mahadhi. Alipofika "wana wa kaka yangu", alitua. Alitua kweli, kituo kirefu, akavuta pumzi, na watu wote wakavuta pumzi pamoja naye, hhhaa. Kisha akaendelea: "na wana wa dada yangu wenye shida ya makazi." Kituo kile kilikuwa na jina. Kiliitwa pumzi ya Famau. Famau alikuwa nani? Mzee mmoja wa zamani. Mbona pumzi yake? Hakuna aliyeuliza. Watoto wa mji ule walijua kutua pale kabla hawajajua kufunga shuka.

Na kwa sababu ya kutua pale, watu walielewa hivi. Wana wa kaka wana haki, basi, neno limekwisha. Wana wa dada nao wana haki, lakini wao kwa sharti, mpaka wawe na shida. Ndivyo walivyohukumu baba zao, ndivyo walivyohukumu wao.

Mize alikuwa wa upande wa dada.

Siku moja alasiri akaja chuoni Bwana Ngwali. Huyu alikuwa wa upande wa kaka. Alikuwa na nyumba tatu za mawe na tumbo la nne. Hakuwa mtu mbaya, msinifanyie mtu mbaya kila mwenye tumbo. Alikuwa mtu aliyezoea kupata.

"Masalkheri, Mwalimu. Nimekuja kwa habari ya nyumba ya bibi yetu."

"Karibu. Ina nini?"

"Mvua za masika zinakuja na nazi zangu kavu sina pa kuziweka. Nyumba ile ina vyumba vizuri. Nataka haki yangu."

"Mize anakaa mle na wanawe."

"Najua, na namwonea huruma. Nimemtafutia kibanda kule mwisho wa mji. Lakini yeye yumo kwa sharti, Mwalimu, na mimi simo kwa sharti. Mwenye sharti akikutana na asiye na sharti, nani anampisha mwenziwe?"

Mwalimu akamwita Lali. Lali akasoma maneno ya wakfu kwa sauti yake nzuri, akatua pale, hhhaa, akaendelea. Mwalimu naye alivuta pumzi pamoja naye, hakujijua. Akafikiri. Akasema, "Ndivyo tulivyopokea. Mwenye sharti humpisha asiye na sharti. Ijumaa baada ya sala, Ngwali, uichukue nyumba."

Mize hakuhitaji kuambiwa. Ukuta si mmeusikia ulivyo? Yote aliyasikia, mgongo wake umeegemea ukuta uleule. Akaacha kusuka. Binti yake mkubwa akamuuliza, "Mama, una nini?" Akasema, "Sina kitu, nishikie huu ukili," kumbe machozi yanamdondokea mapajani.

Maana kile kibanda cha mwisho wa mji Mize alikijua. Alikulia humo. Mama yake, Bi Hadia, alitolewa kwenye nyumba hiihii, Mize akiwa mtoto wa miaka sita, siku za masika kama hizi, baba yake Ngwali alipoitaka. Kibanda kinavuja. Kiko bondeni, maji yanaingia kwa mlango na kutokea kwa mlango. Bi Hadia alikaa misimu miwili akikohoa, msimu wa tatu hakuufikia. Baadaye baba yake Ngwali alijijengea pengine, nyumba ya wakfu ikabaki tupu, paa linamwaga, na Mize alipofiwa na mumewe akarudi, akaezeka makuti kwa mikono yake. Sasa anaambiwa atoke. Na si kwa ajili ya nafsi yake alikuwa akilia. Alikuwa akiwatazama wale binti wawili na kuhesabu misimu.

Zilibaki siku nne kufika Ijumaa. Siku ya kwanza Mize alisuka na kufumua. Siku ya pili alisuka na kufumua. Siku ya tatu Mwalimu alisomesha upande wa pili, na Mize akasikia, ko, ko, ko: "Neno hili, nani kalishika mkono?"

Akauweka ukili chini.

Akajisemea maneno ya Mwana Shufaa, polepole, kwa Kiarabu chake cha ukutani. Alipofika kwenye kituo akatua, kwa mazoea. Akarudia. Akatua tena. Akarudia mara ya tatu, akaziba mdomo kwa kiganja, akayapitisha moyoni bila pumzi. Kisha akasimama, akajitanda mtandio, akatoka nje, akazunguka ukuta ule aliouegemea miaka yote, na kwa mara ya kwanza akasimama kwenye mlango wa chuo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu alidhani amekuja kuomba siku zaidi, akainamisha uso. "Mize, lau ingekuwa yangu nyumba ile…"

"Sikuja kuomba, Mwalimu. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Lile neno la mwisho katika wakfu, wenye shida ya makazi. Nani kalishika mkono?"

Wanafunzi wakatazamana. Lali akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua, akasema, "Dada yangu, hilo ni la wana wa dada. Si limekaa jirani nao?"

"Hata miguu imekaa jirani na kichwa," akasema Mize.

Tabasamu la Lali likakatikia njiani.

Mwalimu akamtazama Mize. Alimtazama kama anamwona leo. "Nani kakufundisha kuuliza hivi?"

"Wewe, Mwalimu. Ukuta wako mwembamba."

 Midomo ya Mwalimu ikawa inacheza, anayasoma yale maneno ndani kwa ndani.  Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Rudi nyumbani, mwanangu. Mizigo yako usiifunge kwanza."

Siku ile hakumaliza somo. Alikwenda kwake, akaletewa chakula, akakisukuma. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Siumwi. Nimeulizwa."

Ijumaa ikafika. Sala ikaisha. Hakuna aliyeondoka, maana mji mzima unajua leo Mize anatolewa, na watu wa mji ule walipenda kuona, kama nyie. Wanaume wamejaa uani mwa msikiti, wanawake upande wao, Mize kati yao na binti zake. Ngwali amekuja na punda wawili wamebeba nazi, amewafunga nje.

Mwalimu akasimama. "Leteni kasha."

Watu wakanong'ona. Kasha? Kasha halijafunguliwa miaka mingapi? Likaletwa, likafunguliwa kwa nyundo, ufunguo hakuna anayejua uliko. Vumbi likaruka, Lali akapiga chafya. Ikatolewa karatasi, njano, imeliwa pembeni, lakini maandishi mazima.

"Lali, soma."

Lali akasoma. Sauti ikapanda vizuri, ikafika wana wa kaka yangu, hhhaa, akatua. Na uwanja wote ukatua naye.

Ko, ko, ko. "Mbona umetua?"

"Hapa hutuliwa, Mwalimu."

"Nimekwambia usome karatasi. Karatasi imekwambia utue?"

Lali akaitazama. Akaisogeza karibu na macho. Maneno yamefuatana, mwandishi hakuacha hata nafasi ya ukucha. "La, Mwalimu."

"Basi soma."

Akasoma tena. Alijikaza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akafika wana wa kaka yangu, na kabla hajajizuia, hhhaa.

Watu wakaanza kucheka. Lali akaona haya mpaka masikio. Mwalimu hakucheka. "Tena," akasema.

Mara ya tatu Lali alifumbua macho makubwa, akaenda mbio kama anayevuka moto, akafika pale, akashika kinywa kwa mkono, na pumzi ikamtoka puani, fffuu. Lakini ametua.

"Ulimi wangu hautaki, Mwalimu," akasema, na alikuwa karibu kulia.

"Si ulimi wako. Nani alikufundisha kutua pale?"

Lali akasita. "Wewe, Mwalimu."

"Sema wasikie."

"Wewe, Mwalimu."

"Na mimi nilifundishwa na mwalimu wangu. Naye alifundishwa na mwalimu wake. Na yule wa mwisho kule nyuma, msomaji wa kwanza wa maneno haya, aliitwa nani?"

Uwanja wote ukajibu, maana nani asiyejua? "Famau."

"Famau alikuwa na nini?"

 Palikuwa na ajuza mmoja upande wa wanawake, mkubwa kuliko wote, macho yamefunga ukungu. Ndiye aliyejibu. Akasema, "Bibi yangu alimwona. Alikuwa na pumu."

Watu wote wakamgeukia. 

"Alikuwa na pumu," akasema Mwalimu. "Kifua kikimbana, hwii, hwii, hawezi kumaliza maneno yote kwa mkupuo mmoja. Anafika katikati anapumzika, kisha anaendelea. Wanafunzi wake wakadhani ndivyo yanavyosomwa. Hadithi ya pumu ya Famau nimeisikia mtoto, nimeisimulia mtu mzima, watu wakacheka, nami nikacheka. Na kituo chake nimekitua miaka arobaini. Sikuvikutanisha viwili hivi hata siku moja, mpaka mwanamke mmoja aliyesoma kwa mgongo aliponiuliza nani kalishika mkono."

Akainua ile karatasi.

"Sikilizeni hukumu. Mwana Shufaa amewataja wana wa kaka, akawafunga na wana wa dada kwa fundo moja, lile neno na, wala hakukata maneno kati yao. Halafu mwishoni akaleta sifa: wenye shida ya makazi. Katika njia tunayoifuata sisi mji huu, watu wakifungwa pamoja namna hiyo, sifa ikija mwisho, huwashika wote. Ingemshika wa mwisho peke yake kama msemaji angekata katikati. Wapo wanazuoni wenye kauli nyingine, na heshima yao wanayo, lakini hata sisi hatukuifuata kauli yao. Tuliifuata pumu. Mwana Shufaa hakukata. Aliyekata ni Famau, na Famau hakukata kwa kutaka. Nyumba ile ni ya mwenye shida, awe wa kaka, awe wa dada."

Bwana Ngwali akasimama. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyejikwaa mahali tambarare. "Mwalimu, haya tumekwenda nayo tangu mababu. Kwani ada si hoja? Wewe mwenyewe umetufundisha ada ni hoja."

"Nimewafundisha, na sirudi nyuma. Watu wakizoea kulielewa neno kwa maana fulani, hiyo ada nitaisikiliza. Lakini hii hatukuielewa, Ngwali. Tuliikohoa tu."

Watu wakacheka, na safari hii hata Ngwali mdomo ulimcheza.

"Nikuulize mwenyewe, maana mtu ni shahidi wa hali yake," akasema Mwalimu. "Una shida ya makazi?"

Ngwali akatazama chini. Akatazama punda wake nje. Nyumba tatu za mawe zilikuwa zinaonekana kutoka palepale aliposimama. "Sina," akasema.

"Basi huna fungu humo mpaka uwe nayo. Na Mungu akuepushe nayo."

"Amina," akasema Ngwali. Akatoka, akawafungua punda, akarudi na nazi zake alikotoka. Nimewaambia hakuwa mtu mbaya.

Sasa mnadhani hadithi imekwisha, nawaona mnajinyoosha. Kaeni. Hukumu kila mwenye elimu anaweza kuitoa. Kilichomfanya Mwalimu Shekuwe akumbukwe mpaka leo, mimi hapa nisiyekuwa na jino namsema, ndicho hiki kinachokuja.

Watu walikuwa wanataka kuondoka. Akawazuia. Akasogea mpaka ukingoni mwa upande wa wanawake, akaacha bakora ikaanguka.

"Mize," akasema. "Mama yako nilimtoa mimi."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui yote. Siku ile nilipomhukumia atoke, mama yako alisimama mlangoni kwangu, wewe umeshika kanga yake. Aliniuliza swali. Aliniambia, Mwalimu, na lile neno la mwisho je, halimfungi na mwenzangu wa upande wa kaka? Swali lako hilihili. Nami nilikuwa kijana, nimetoka kusoma jana, nimejaa. Nilimwambia, mama, nenda kasuke ukili, haya yana wenyewe. Miaka yote nagonga bakora nikiwaambia watoto waulize, na aliyeniuliza nilimfukuza kwenye mvua."

 Mize alilia palepale mbele za watu, kilio cha sauti, na wanawake wakamshika.

"Bi Hadia ananidai jibu," akasema Mwalimu. "Twende."

Akaenda makaburini, jua la alasiri lingali juu, na mji mzima nyuma yake. Kaburi la Bi Hadia lilikuwa dogo, la mawe mawili. Mwalimu Shekuwe akasimama mbele yake. Alikuwa mzee wakati huo, na kifua chake hakikuwa kizima. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine ndani yake. Watu wakaona mabega yakipanda.

"Hadia binti Athmani," akasema, "uliniuliza. Jibu lako hili."

Akaanza. Wakae humo wana wa kaka yangu. Lali alikuwa nyuma yake. Mji wote ukaona koo zinawawasha, zinataka kutua. Mwalimu hakutua. Na wana wa dada yangu. Uso ukamwiva. Wenye shida. Mize akamshika mkono. Ya makazi.

Akamaliza. Ndipo akapumua.

Mize hakuuachia mkono wake mpaka wakafika nyumbani.

Kesho yake Mwalimu aliwaita mafundi, akatoboa dirisha kwenye ule ukuta, kubwa la kutosha mtu kutia kichwa na swali. Na ada ya mji ikageuka. Kila Maulidi, kabla ya maneno ya Mwana Shufaa kusomwa, msomaji anasimama, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanavuta pumzi pamoja naye, ndefu, mpaka tumboni. Halafu yanasomwa yote kwa mkupuo mmoja, hakuna anayetua, na mwishoni ndipo mji mzima unapumua, hhhaaaa. Wageni hushangaa. Wenyewe husema, tunamjibu Bi Hadia.

Basi fundisho la hadithi hii mnalijua, lakini nitalisema, maana kuna waliosinzia. Usimhukumu mtu kwa maneno uliyoyasikia nusu. Yasome mpaka mwisho, ulize kila neno limeshikwa na nani. Na aliye upande wa pili wa ukuta akikuuliza, msikilize, huenda amesoma kuliko wewe. Ukishakosea, sema umekosea, na uende kusemea pale ulipomkosea.

Haya, vuteni pumzi. Wote. Na wewe wa kule nyuma.

Pumueni.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa bila kutua njiani. Anayetaka kutua atue sasa.